Septemba ya Watumishi wa Umma: Tume ya Ufilipino na Matangazo ya Marais

Tarehe 19 Septemba 1900, mjini Manila, Wamarekani watano walipitisha sheria yao ya tano. Mamlaka ya kutunga sheria walikuwa wamekabidhiwa mwanzoni mwa mwezi huohuo, kwa hiyo hata wiki tatu zilikuwa hazijatimia. Sheria ya kwanza, iliyopita wiki moja kabla, ilitenga dola milioni 2 za Mexico kwa ajili ya barabara na madaraja. Sheria ya shule ilisubiri hadi Januari mwaka uliofuata, ikapewa namba 74. Vita navyo vilikuwa havijaisha: Emilio Aguinaldo, rais wa jamhuri ambayo Marekani ilikataa kuitambua, alikuwa bado mafichoni kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Katikati ya hayo yote, tume ya Wamarekani hao watano, iliyoongozwa na William Howard Taft, iliona kuwa swali la nani ataajiriwa serikalini na kwa njia gani halifai kucheleweshwa.

Sheria hiyo Na. 5 ilijieleza kwa jina lake: ilikuwa ya kuanzisha na kudumisha utumishi wa umma wenye ufanisi na uaminifu katika Visiwa vya Ufilipino. Ilizaa Bodi ya Utumishi wa Umma. Bodi ikaja kuwa Idara, na Idara ikaja kuwa Tume. Tume hiyo leo ina makao yake makuu Batasan Hills, Quezon City, jirani na majengo ya Baraza la Wawakilishi, na Septemba 2025 ilitimiza miaka 125.

Kila mwaka sherehe za kumbukumbu hiyo hufanyika chini ya hati moja iliyowekwa saini na Rais Fidel Ramos mwaka 1997, Tangazo Na. 1050, linaloufanya mwezi mzima wa Septemba kuwa Mwezi wa Utumishi wa Umma. Ni hati ya heshima, na Tume inaistahili. Lakini nimeisoma historia ya taasisi hii nikitafuta mahali cheo chake kilipotoka, na hakimo katika hati hiyo. Matangazo ya marais yameigusa Tume mara kadhaa. Mengine yaliisifu, mengine nusura yaimeze, na moja lilichelewa siku tisa, ucheleweshaji uliokuja kuwa na maana kubwa mahakamani.

Siku ya 19 Septemba ina kumbukumbu nyingine. Miaka 19 kamili kabla ya kikao kile cha Manila, siku kama hiyo, Rais James Garfield wa Marekani alikata roho baada ya kuugua jeraha la risasi kwa zaidi ya miezi miwili. Aliyempiga, Charles Guiteau, alijiona anastahili kupewa ukonseli wa Paris kwa sababu alikuwa amekipigia debe chama kilichoshinda. Zama hizo ndivyo kazi za serikali zilivyogawiwa: mshindi wa uchaguzi alichinja ng'ombe na kila aliyemsaidia alisimama na kisu akisubiri kipande chake. Mauaji hayo yaliusukuma mjadala uliokuwa umekwama, na mwaka 1883 ikapita Sheria ya Pendleton, iliyosema kwamba kazi za serikali zianze kutolewa kwa mtihani. Taft na wenzake walilichukua wazo hilo na kulivusha Bahari ya Pasifiki.

Ugeni wake hauwezi kufichwa. Mtihani uliletwa na mtawala aliyefika na bunduki, ukaandikwa kwa Kiingereza na Kihispania katika nchi ambayo watu wake walizungumza Kitagalogi, Kicebuano, Kiilocano na lugha nyingine nyingi. Maagizo ya Rais William McKinley kwa tume ile, ya tarehe 7 Aprili 1900, yalitaka wenyeji wapewe nafasi kwanza kila inapowezekana, na sheria ikaandika upendeleo huo. Lakini ngazi za juu ziliendelea kukaliwa na Wamarekani kwa miaka mingi. Gavana Mkuu Francis Burton Harrison ndiye aliyeharakisha mabadiliko. Mwaka 1913 Wamarekani katika utumishi wa umma walikuwa 2,623. Kufikia 1921 walikuwa wamebaki 614. Ngazi iliyoletwa na mgeni ilipandwa na wenyeji hadi wakafika juu, na wakati taifa lilipoandika Katiba yake ya kwanza chini ya utawala wa ndani, mwaka 1935, Wafilipino wenyewe waliweka humo kwamba uteuzi katika utumishi wa umma utafuata sifa na uwezo tu, na kwamba sifa hizo zitapimwa kwa mtihani wa ushindani kila inapowezekana.

Angalieni kilichoingia katika Katiba ile na kilichobaki nje. Kanuni iliingia. Chombo cha kuilinda kilibaki idara ya kawaida, ambayo ingeweza kupanguliwa kwa sheria ya kawaida. Kwa karibu miaka arobaini hiyo ndiyo ilikuwa hali, na matokeo yake yanajulikana. Vimemo vya waheshimiwa viliendelea kutembea. Watu waliingizwa kazini kwa ajira za muda, zikarefushwa, zikarefushwa tena, hadi wa muda akastaafu. Mwaka 1959 Bunge lilipitisha Sheria Na. 2260, iliyoigeuza Idara kuwa Tume yenye hadhi ya wizara. Lakini ni katika kipindi hichohicho ambapo wabunge na ikulu ya Malacañang walikubaliana kugawana nafasi mpya za kazi nusu kwa nusu: hizi zenu, hizi zetu. Mkataba huo uliitwa hivyohivyo, hamsini kwa hamsini, bila hata kutafutiwa jina la kuufunika.

Miaka miwili baadaye ikatokea kubwa zaidi. Tarehe 29 Desemba 1961, akiwa amebakiza siku moja madarakani baada ya kushindwa uchaguzi, Rais Carlos García alitoa barua za uteuzi zipatazo 350. Mrithi wake, Diosdado Macapagal, alizifuta kwa amri siku ya pili ya kazi yake, na Januari 1962 Mahakama ya Juu ikakataa kuziokoa. Ufilipino ikapata msamiati mpya, "teuzi za usiku wa manane", ambao magazeti yake yanautumia hadi leo kila rais anapokaribia kuondoka.

Hapo ndipo inapobidi kusimama na kuuliza tangazo la rais ni kitu gani hasa, kwa sababu kuanzia hapa historia ya Tume haiwezi kusimuliwa bila hilo.

Sheria ya Ufilipino inazipanga karatasi za rais kwa aina, na Kanuni ya Utawala ya 1987 inaeleza kila aina kazi yake. Kuna amri za kiutendaji, amri za utawala, waraka, na mengineyo. Tangazo limewekewa kazi ya kutaja tarehe, au kutamka kwamba hali fulani yenye maslahi kwa umma ipo, ili sheria inayotegemea hali hiyo ianze kufanya kazi. Lina nguvu sawa na amri ya kiutendaji. Huandikwa kwa mtindo wa kale: vifungu vya "kwa kuwa" vikifuatana, kisha "kwa hiyo basi, mimi, Rais wa Ufilipino", kisha muhuri, saini, na sahihi ya Katibu Mtendaji upande wa chini. Huchapwa katika Gazeti Rasmi. Sikukuu ya mji mdogo hutangazwa kwa karatasi hiyo. Wiki ya usalama barabarani pia. Miaka mia ya shule, vilevile. Namba hufuatana moja baada ya nyingine, na msomaji anayepitia orodha hupita kwenye sherehe baada ya sherehe, ekari za ardhi zilizotengwa kuwa hifadhi, siku za mapumziko.

Kisha katikati ya orodha hiyo anakuta Na. 1081.

Tangazo Na. 1081 lina tarehe ya 21 Septemba 1972, na wananchi walilisikia usiku wa tarehe 23, Rais Ferdinand Marcos alipotokea kwenye televisheni kuwaambia kwamba nchi iko chini ya sheria ya kijeshi. Ni aina ileile ya karatasi, yenye "kwa kuwa" zilezile na muhuri uleule. Katika siku za mwanzo za utawala huo, maofisa walioteuliwa na rais waliagizwa kuwasilisha barua za kujiuzulu ili yeye achague zipi apokee. Mtu aliyefaulu mtihani miaka kumi iliyopita na kufanya kazi bila doa aligundua kwamba ulinzi wake wote ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi, na karatasi nyingine ilikuwa imewekwa juu yake.

Januari 1973 likafuata tangazo lingine, Na. 1102. Katiba mpya ilikuwa imeandaliwa, na badala ya kura ya siri, wananchi waliitwa kwenye mabaraza ya mitaa wakaulizwa, na wengi walijibu kwa kunyoosha mikono. Tarehe 17 Januari Rais akatangaza kwamba Katiba imeridhiwa. Kesi ilifunguliwa, na mwezi Machi Mahakama ya Juu ikaimaliza kwa kusema hakuna tena kizuizi cha Katiba hiyo kuhesabiwa kuwa inafanya kazi. Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu ya jambo moja ambalo vitabu vya kumbukumbu za Tume hulipita haraka: ilikuwa ni katika Katiba hiyo ya 1973 ambapo Tume ya Utumishi wa Umma iliandikwa kwa mara ya kwanza kuwa tume ya kikatiba, pamoja na Tume ya Uchaguzi na Tume ya Ukaguzi. Cheo kilichosubiriwa tangu 1935 kilifika, lakini kililetwa na mtu aliyekuwa ameshika kila kitu mkononi. Tume huru ilisimama ndani ya nchi ambayo haikuwa huru. Iliendelea kutunga mitihani na kusahihisha, na watu wema waliifanyia kazi. Lakini haikuwa na namna ya kumwambia rais "hapana" akasikia.

Mwezi Februari 1986 watu walijaa barabara ya EDSA, Marcos akakimbia, na Corazon Aquino akaapishwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 25 Machi, akatoa Tangazo Na. 3. Ndilo lililoiweka kando Katiba ya 1973 na kuleta nyingine ya mpito, inayojulikana kama Katiba ya Uhuru. Nia ilikuwa kusafisha nyumba. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichosema kwamba viongozi na wafanyakazi waliokuwepo watabaki kazini hadi itakapoamuliwa vinginevyo, au hadi warithi wao wateuliwe ndani ya mwaka mmoja kuanzia 25 Februari 1986. Kwa mwaka mmoja, basi, kila mtumishi wa serikali alikuwa amekalia kiti ambacho kingeweza kuvutwa. Wengi walioondolewa walistahili kuondolewa. Wengine waliponzwa na kujulikana kuwa walikuwa wa upande fulani, au na kutojulikana na mtu yeyote.

Katiba mpya ya kudumu ilipigiwa kura tarehe 2 Februari 1987. Zaidi ya watu milioni 16 walisema ndiyo, zaidi ya robo tatu ya waliopiga kura. Tarehe 11 Februari, Rais Aquino akatoa Tangazo Na. 58 kutamka kwamba Katiba imeridhiwa.

Na hapa, katika zile siku tisa kati ya kura na tangazo, ndipo ilipo kesi ninayoipenda kuliko zote katika habari hii. Haihusu Tume kabisa. Inahusu barangay moja, yaani mtaa wenye serikali yake ndogo, unaoitwa Dolores, katika mji wa Taytay, mkoa wa Rizal. Kapteni wa mtaa na madiwani wake walikuwa wamechaguliwa mwaka 1982. Tarehe 8 Februari 1987, kaimu gavana wa mkoa aliweka saini barua za kuwaondoa na kuwaingiza wengine, barua zilizoandikwa tarehe ya Desemba iliyopita. Kama Katiba mpya ilianza tarehe 11, siku ya tangazo la rais, basi tarehe 8 bado ilikuwa chini ya kifungu kile cha mwaka mmoja, na gavana alikuwa na haki. Kama ilianza tarehe 2, siku ya kura, alikuwa amechelewa.

Mahakama ya Juu iliamua mwezi Agosti mwaka huohuo kwamba Katiba ilianza tarehe 2. Siku wananchi walipopiga kura ndiyo siku waliyoiridhia. Tangazo la rais lilitoa habari ya jambo lililokwisha kufanyika, halikulifanya. Viongozi wa Dolores wakarudi kwenye viti vyao.

Sheria nzima ya matangazo ya heshima, kwa maoni yangu, imo katika hukumu hiyo ya mtaa mmoja. Rais anapopiga muhuri kutamka kwamba taasisi fulani ni nguzo ya taifa, anasoma kwa sauti kilichoandikwa na wengine. Ni kazi njema kusoma kwa sauti. Watu wengi hawana nafasi ya kuisoma Katiba, na wanamsikia rais. Lakini asiposoma, maandishi hayafutiki.

Na safari hii maandishi yalikuwa mazito. Sehemu ya Tisa ya Katiba ya 1987 inaziita tume tatu huru, na kwa Tume ya Utumishi wa Umma inataja mwenyekiti mmoja na makamishna wawili. Wanateuliwa na rais kwa idhini ya kamati ya uteuzi ya Bunge, kwa miaka 7, na hawateuliwi mara ya pili. Wale wa kwanza walipewa vipindi vya miaka 7, 5 na 3, ili wasiondoke wote siku moja na rais mmoja asipate kuijaza Tume kwa mkupuo. Asiwe mtu aliyegombea katika uchaguzi uliotangulia uteuzi wake. Mshahara wake haupunguzwi akiwa kazini. Hawezi kuondolewa ila kwa mashtaka ya Bunge. Hakuna kukaimu: mtu aidha ni kamishna kamili au si kamishna. Fedha za Tume zikishaidhinishwa hutolewa moja kwa moja. Na utumishi wa umma wenyewe umepewa mipaka mipana, kuanzia wizara hadi mashirika ya serikali yaliyoundwa kwa hati zao za kisheria.

Kila sentensi ya sehemu hiyo ina kovu nyuma yake. Waandishi wake walikuwa wametoka kuishi miaka 14 ya kuona jinsi chombo huru kinavyofungwa kamba bila kuvunjwa, na wakakata kila kamba waliyoikumbuka.

Mtihani haukuchelewa. Januari 1988 mamia ya watumishi wa Forodha walipokea barua za kuachishwa kazi kwa jina la kupanga upya idara. Waliohesabiwa katika kesi walikuwa 394. Baadhi yao walikata rufaa kwenye Tume, na Juni 1988 Tume ikaamuru 279 warudishwe. Serikali ilikuwa ya Aquino, serikali iliyopendwa, iliyokuja kwa mapinduzi ya watu waliobeba rozari na maua. Kumpinga kulionekana kama kuutetea udikteta uliopita. Tume ilimpinga hata hivyo. Agosti 1989 Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo: kupanga upya idara ni halali kukifanywa kwa nia njema, lakini kutoa watu na kuingiza wengine kwenye kazi zilezile si kupanga upya. Familia mia mbili na zaidi zilirudishiwa riziki kwa sababu kulikuwa na ofisi isiyolazimika kumfurahisha mtu yeyote.

Tume dada ya Uchaguzi ilipata mtihani wake mwaka 1990. Rais alimteua mmoja wa makamishna wake, Haydee Yorac, kukaimu uenyekiti. Mwanasheria mmoja akapinga, na Mahakama ikasema rais hana mamlaka hayo. Yorac alikuwa mtu wa kuheshimika, na hakuna aliyesema vinginevyo. Hilo ndilo linaloipa hukumu ile uzito wake.

Nami ningependa kila anayehudhuria sherehe za Septemba ajue kesi ya peso milioni 5.8. Kwa mwaka wa fedha wa 2002, Tume iliidhinishiwa na Bunge peso 285,660,790.44. Wizara ya Bajeti ilitoa 279,853,398.14. Zilizobaki ni 5,807,392.30, kama asilimia 2 ya fungu zima. Wizara ilikuwa na kanuni yake, na ilikuwa kanuni yenye mantiki: asiyeleta taarifa hapewi fedha. Kwa ofisi nyingine yoyote kanuni hiyo ni nzuri. Tume ingeweza kuandika taarifa, ikachukua fedha zake na kuendelea na kazi. Kiasi chenyewe hakikuwa cha kuua mtu. Badala yake ilikwenda mahakamani na kukaa huko miaka. Julai 2005 Mahakama ya Juu ilisema kwamba neno "moja kwa moja" katika Katiba lina maana ya moja kwa moja. Fedha zisizuiwe kwa sababu ya taarifa, wala kwa sharti lingine lolote la namna hiyo.

Wapo watakaosema huo ni ugomvi wa makarani. Mimi naona ni siku bora kuliko nyingi katika maisha ya taasisi hii. Anayeshika mfuko leo kwa sababu ya taarifa, kesho atashika kwa sababu ya hukumu asiyoipenda. Tume iligombania asilimia 2 ili zile 98 zisije zikawa za kuombwa.

Mwaka 2014 Mahakama iliilinda tena, safari hii dhidi ya wema. Amri ya rais ya mwaka 2010 ilikuwa imempa mwenyekiti wa Tume viti katika bodi za mifuko ya serikali: ya pensheni, ya bima ya afya, ya fidia za wafanyakazi na ya nyumba. Ilionekana ni heshima, na kuna sababu ya maana ya mkuu wa watumishi kukaa mahali mafao yao yanapoamuliwa. Lakini bodi hizo ziko chini ya rais, na kwenye kila kikao kuna posho. Mahakama iliifuta amri hiyo. Mwenyekiti hawezi kuwa huru asubuhi na kuwa mjumbe wa rais mchana.

Basi tulirudie Tangazo Na. 1050, tukiwa tumeyajua haya. Ramos alilitoa miaka kumi baada ya Katiba kuanza, wakati Tume ikiongozwa na Corazon Alma de Leon. Halikuongeza mamlaka hata chembe, na halikuhitaji kuongeza. Lilichofanya ni kuuchukua mwezi wa Septemba, mwezi ambao kwa robo karne ulikuwa umebeba kumbukumbu ya Na. 1081, na kusema kwamba una tarehe nyingine pia, siku mbili kabla, iliyotangulia kwa miaka 72. Sijui njia nzuri zaidi ya kutumia karatasi ya aina ileile.

Sherehe zenyewe ni za kawaida, na ukawaida huo unapendeza. Kuna mbio za pamoja, kuna upimaji wa afya, na kuna miaka ambapo treni za Manila huwabeba watumishi wa serikali bure kwa siku moja. Kaulimbiu ya Tume inacheza na maneno mawili ya Kifilipino: lingkod bayan ni mtumishi wa umma, na ukiongeza irabu moja, bayan, yaani taifa au watu, inakuwa bayani, shujaa. Tuzo hutolewa za ngazi mbalimbali. Iko ya rais mwenyewe, kwa kazi iliyogusa nchi nzima; iko ya Tume; na iko ya Dangal ng Bayan, heshima ya taifa, kwa mtu aliyeonyesha maadili yaliyotajwa na sheria ya mwaka 1989 kuhusu mwenendo wa watumishi wa umma. Moja ya maadili hayo ni kuishi maisha ya kawaida. Walimu wa vijiji vya mbali hupata tuzo hizi, na polisi, na wauguzi.

Wasioonekana jukwaani ni wengine. Mamia ya maelfu ya watu wanafanya kazi katika ofisi za serikali ya Ufilipino kwa mikataba ya muda mfupi ambayo sheria haiitambui kuwa ajira ya utumishi wa umma. Wanapiga chapa, wanafagia, wanapokea wagonjwa, wanajaza fomu za kodi. Hawana likizo ya kulipwa, hawana uhakika wa kazi, na miaka yao haihesabiwi. Wale wa ajira za muda wa miaka ya 1950 wamerudi kwa jina jipya, na kimemo cha mheshimiwa kimepata mlango mwingine wa kupitia. Tume, pamoja na wizara ya bajeti na tume ya ukaguzi, imetoa miongozo kuhusu ajira hizo, na tarehe za mwisho zimesogezwa zaidi ya mara moja. Hili ni deni lake kubwa kuliko yote, na linaiuma kwa sababu linagusa kile kilichoizaa mwaka 1900.

Wengi wao huukalia mtihani. Unafanyika kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, Machi na Agosti, siku ya Jumapili, katika madarasa ya shule za serikali, kwenye madawati waliyokalia watoto Ijumaa. Mtahiniwa anakuja na kitambulisho na kalamu nyeusi. Alama ya kufaulu ni 80. Anayepata 79 anarudi kujisajili tena, awe mtoto wa seneta au wa mvuvi. Kwa wengi hiyo si mara ya kwanza, na walioshindwa ni wengi kuliko waliofaulu kila mara. Majina ya waliofaulu hutolewa na Tume yenyewe, bila saini ya mtu yeyote wa Malacañang.